Kompyuta Isiyoambiwa Mashaallah

Salale, 3 Agosti 2025

Wifi yangu Tasnim,

Assalaam aleykum. Huku wazima. Mpunga umeshaanikwa, na mama yako anaulinda dhidi ya kuku kwa matusi ambayo mimi mwalimu siwezi kuyaandika. Kaka yako Mahamudu bado yuko Kilwa anatengeneza injini za boti za watu. Kila akisema anarudi, injini nyingine inaugua.

Najua utacheka kupata barua, mtu mzima ana simu. Lakini kwenu unapajua. Mtandao unashika gatini tu, na gatini ukisema "haloo" gati zima linaitikia. Jambo langu sitaki lisikike. Barua nimempa Sadala, nahodha wa boti ya Nyamisati, nikamwambia ni vipimo vya gauni lako. Usinisute.

Kompyuta inanitesa, wifi. Ile ile uliyonichagulia mwenyewe, ukaipiga kofi mgongoni ukasema, "Huyu ng'ombe wa maziwa." Basi ng'ombe anaanguka. Naandika vizuri, sentensi imekaa, mara kioo cheusi. Siku nyingine inajizima na kuwaka yenyewe kama mtu aliyesinzia msikitini akagutuka. Siku nyingine inazima moja kwa moja, mpaka ipumzike ndipo ikubali kuwaka.

Unajua nina nini humo. Ni utafiti wangu wa shahada, wa namna watoto wa delta wanavyojifunza kusoma wakati maji yakijaa hawafiki shule. Chuo kimenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nilishaongezewa muda wakati wa masika, na wamesema hawaongezi tena. Nikikosa, miaka yote niliyosoma huku nafundisha inakwenda na maji.

Wala usiniambie niilete Kibiti. Televisheni ya jirani yetu Gharibu ilipelekwa kwa fundi kwa boti, wimbi likaingia, na leo kuku wanatagia ndani yake.

Lipo na jingine, ila hilo si la fundi. Nitakusimulia tukionana.

Wifi yako,
Sabra


Kibiti, 6 Agosti 2025

Mwalimu wangu, mke wa kaka yangu asiyerudi,

Sadala kaniletea barua, akaniuliza gauni litakuwa la rangi gani. Nimemwambia la bluu, kwa hiyo itabidi ulishone kweli.

Ningekuja mwenyewe, lakini huu ndio msimu wa vijana kuomba vyuo na duka langu limejaa mpaka barazani. Nikifunga, kuna mtoto wa mtu atakosa nafasi. Kwa hiyo wewe utakuwa mikono yangu. Usiogope. Mtu anayetuliza darasa la kwanza la Salale hawezi kushindwa na bati lenye nyaya.

Kompyuta haisemi uongo, ila inasema kidogo, lazima uihoji. Kwanza, ikizima, taa na redio navyo vinazima? Vikizima, ugonjwa uko kwenye betri za sola au kwenye inveta, kompyuta yenyewe haina kosa. Pili, shika waya wa umeme pale unapoingia kwa nyuma, uutikise kidogo. Ikizima, tumempata mwizi. Kisha uniambie, inazima ukiwa unaandika tu, au hata ikiwa imekaa haina kazi? Na hili ndilo kubwa: weka kiganja nyuma, pale inapopumulia. Upepo unatoka? Ni wa moto kiasi gani? Sikiliza na feni inavyolia.

Usiikasirikie. Kompyuta ikijizima mara nyingi inajiokoa. Ikiona joto limezidi inazima kabla haijaungua. Ni kama mama, akikasirika sana anachukua jembe anakwenda shamba kabla hajasema neno la kujutia.

Kila ukimaliza ukurasa, nakili kazi yako kwenye flashi. Flashi yenyewe ivae shingoni kama hirizi.

Na hilo jingine lisilo la fundi, niambie. Barazani mimi ni fundi, lakini nyumbani ni wifi, na wifi ana haki yake ya umbea.

Tasnim


Salale, 11 Agosti 2025

Tasnim mpenzi,

Nimeihoji kama ulivyoagiza. Ikizima, taa inabaki na redio inaendelea na taarifa ya habari. Waya umekaza, nimeutikisa mpaka nikachoka. Inazima nikiandika, na inazima nikiwa jikoni nje napika. Kwa nyuma hautoki upepo, inatoka pumzi, tena ya moto kama umefunua sufuria ya wali. Feni inakoroma kama mwenye pumu.

Nikusifu, wifi. Nimekaa mbele ya ubao miaka, na najua kuuliza swali zuri ni kazi kuliko kulijibu. Maswali yako yamenipunguzia hofu nusu nzima. Nilikuwa nikiitazama kompyuta kama jini, sasa naitazama kama mtoto mwenye homa.

Naomba nimuulize fundi, nisimuulize wifi. Je, mtu anaweza kuizima kompyuta kwa mkono na isijulikane? Maana zipo siku naiacha inawaka, natoka kuteka maji, nikirudi imezima, na kuna mtu anatoka chumbani ameshika kanga mkononi. Hasemi kitu. Namwamkia, anaitikia, anakwenda zake kwenye mpunga.

Nauliza tu.

Sabra


Kibiti, 13 Agosti 2025

Sabra,

Barua yako nimeisoma mteja akiwa mbele yangu, nikamwambia asubiri. Nyumba hiyo mko wawili, wewe na mama. "Kuna mtu" ndiye nani, paka? Sema mama. Mimi ni mwanawe, nitaumia, lakini nitaumia kidogo kuliko nikifichwa.

Haya, fundi anajibu. Ndiyo, inawezekana, kidole kimoja kinatosha. Lakini fundi mzuri hamkamati mtu bila ushahidi. Wiki iliyopita mama alikwenda msibani Nyamisati, akalala kwa shoga yake Mwanawetu. Nalijua hilo kwa sababu alinipigia kutoka huko kunigombeza kwamba sijafika. Siku zile hayupo, kompyuta ilizima au haikuzima? Jibu hilo kwanza kwa moyo wako, kisha kwangu.

Halafu uifungue. Joto nalishuku sana. Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kidogo, umeme uliobaki ndani uishe. Fungua skrubu za nyuma, kava la ubavuni linateleza lenyewe. Usiguse kitu, tazama tu, kisha uniambie umeona nini. Nimempa Sadala bisibisi, brashi mpya ya rangi, kichupa cha spiriti na kibomba cha krimu ya kijivu. Hiyo krimu usiifungue mpaka nikwambie, si ya uso.

Mama ana mdomo, sikatai. Lakini nimekaa naye kuliko wewe. Kitu anachokichukia hakigusi kabisa, hata kwa fimbo.

Tasnim


Salale, 17 Agosti 2025

Wifi,

Umeniuliza nisichotaka kuulizwa. Siku alizokuwa Nyamisati ilizima vile vile. Niliona haya peke yangu. Juzi nikampikia kamba wa nazi na sikumwambia kwa nini. Alikula, akasema chumvi imezidi, akaongeza sahani.

Lakini leo nimeifungua. Yeye alikuwa shamba. Nimefanya kama ulivyosema, kava likateleza. Tasnim, nilitegemea vumbi. Nimekuta utando mweusi unaonata, umeshika mapanga ya feni kama masizi ya chungu, na zile mbavu za bati zilizo chini ya feni zimezibwa zote. Nikasogeza pua. Ni ubani. Kompyuta yangu inanukia kama nyumba yenye maulidi.

Ndipo nikaielewa ile kanga. Ni ya kufunikia, kama mtu anayefukizwa, moshi usipotee. Sasa niambie wewe. Mtu anayefukiza kitu cha mwenzie kwa kujificha, na akionekana ananyamaza, ana nia gani? Ya heri husemwa. Na kama imefungwa kwa dawa, hata mwenye dawa akiwa Nyamisati itazima tu.

Kuna neno sikukwambia. Wakati wa masika alinikuta naandika, akasimama mlangoni akasema, "Wakishakupa hiyo shahada watakuhamisha mjini, na mimi nitabaki na nani?" Nilidhani masihara. Sasa naona hakuwa akitania. Hataki nimalize.

Sitaki kugombana na mzazi. Jumatano naondoka na boti, narudi kwetu Mchukwi na flashi yangu, nitaomba kompyuta ya mtu nimalizie huko. Begi nimeshafunga. Kava nimelirudisha bila kusafisha kitu. Mahamudu sijamwambia, nitamwambia nikifika.

Unisamehe kwa kukuandikia haya kuhusu mama yako. Ulisema niseme mama.

Sabra


Kibiti, 18 Agosti 2025

Sabra,

Usipande boti. Nimemwambia Sadala akikuona na begi asikupakie. Nimemwambia ni kwa sababu gauni halijaisha.

Sasa cheka kwanza, kama nilivyocheka mimi mpaka wateja wakanyamaza. Kisha soma pole pole.

Nilipokwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne, mama alinifukizia sare, begi na kalamu. Msimamizi akauliza nani kaja na ubani chumba cha mtihani, darasa zima likageuka kunitazama. Kaka yangu alipopata kazi ya injini alifukiziwa mpaka spana zake. Na mimi nilipofungua duka hili, mama alitoka Salale na chetezo mapajani, akafukiza kila kompyuta ya wateja iliyokuwa mezani. Moja baada ya nyingine anaifunika kanga, chetezo chini, anasoma dua. Jirani yangu akadhani nimefungua kilinge cha uganga. Nikamjia juu, nikamwambia mama, moshi unaua mashine. Akaniapia hatafukiza kompyuta tena maishani mwake.

Umeelewa sasa kwa nini ananyamaza? Hakuogopi wewe, ananiogopa mimi.

Mama hafukizi asichokipenda, Sabra. Nimezaliwa naye, na kwa maisha yangu yote vitu alivyovifukiza ni vile ambavyo vikipotea atalia. Wewe umeingia kwenye orodha hiyo na hukuambiwa. Mimi fundi mzima nimesoma "kanga" kwenye barua yako nisikumbuke. Ningekumbuka mapema, ungekuwa umeshamaliza sura ya mwisho.

Na la kufungwa kwa dawa lisahau. Ubani ni utomvu wa mti. Moshi wake ukipoa unarudi kuwa utomvu, unanata kwenye feni, vumbi la mpunga linakuja kukaa juu yake. Feni inachoka, joto linapanda, kompyuta inajiokoa kwa kuzima, mama awepo asiwepo. Kilichofungwa hapo ni matundu ya kupumulia tu.

Nenda kwa mama. Usianze na "kwa nini", anza na "ahsante". Mwambie, mama, ahsante kwa kunifukizia. Kisha nyamaza umsikilize.

Mkimaliza, isafisheni pamoja. Ing'oe feni na zile mbavu za bati taratibu. Shikilia mapanga kwa kidole yasizunguke, piga brashi, kisha futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke vizuri. Krimu ya zamani iliyokauka juu ya prosesa, ile chipu iliyo chini ya mbavu hizo, ifute yote, upake mpya kiasi cha punje ya mpunga, isizidi. Mkishafunga, iwasheni, msikilize.

Wifi yako, na mtoto wa huyo mama,
Tasnim


Salale, 21 Agosti 2025

Wifi,

Begi nimelifungua.

Nilimkuta uani anapepeta. Nikapiga magoti, nikasema kama ulivyonifundisha. Ungo ukasimama hewani. Akaniuliza, "Tasnim kajua?" Nikasema kajua. Akasema, "Basi nimekwisha." Nilicheka na kulia, na sijui kipi kilianza.

Yaliyofuata anataka kukuambia mwenyewe, kanikataza nisimtangulie. Mimi nitakuambia la usafi. Kila skrubu niliyoitoa aliipokea, akaiweka juu ya ungo pale pale ilipokuwa imekaa kwenye kompyuta, ya juu juu, ya pembeni pembeni, mpaka ungo ukawa ramani. Nilipofika kurudisha, sikubahatisha hata moja. Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema ndivyo anavyolisafisha jiko la utambi tangu wewe unanyonya. Sasa nimejua mikono yako umeirithi kwa nani, na nimejua kwa nini unaamini kila kitu kina mahali pake.

Utomvu wenyewe ulikuwa mgumu. Mama aliuparua kwa ukucha, pole pole, huku anauomba radhi. Hakuniachia feni, alisema uchafu ni wake.

Ilipowaka, sikusikia feni. Nikadhani imekufa. Mama akaweka kiganja chake nyuma, nami nikaweka changu kando yake. Upepo ulikuwa unatoka, umepoa. Akasema, "Imepona pumu." Tukaiacha inawaka tangu asubuhi mpaka magharibi, haikuzima, na mimi nimeandika kurasa nilizozikimbilia mwezi mzima.

Nilimdhania ubaya mtu aliyekuwa akinilinda, Tasnim. Naona aibu na nimefurahi sana, yote kwa pamoja. Nilimwomba radhi kwa yale niliyowaza. Akasema hayajui na hataki kuyajua, nikachote maji.

Ukiniambia leo wewe ni fundi wa kompyuta nitakubishia. Umetengeneza nyumba.

Sabra


Salale, 31 Agosti 2025

Mwanangu Tasnim,

Maneno ni yangu, vidole ni vya Sabra. Nimemwambia aandike kila ninachosema na asirembeshe. Akirembesha nitajua, maana nasikia vitufe vikilia zaidi ya maneno yangu.

La kwanza, kiapo sikukivunja. Niliapa sitafukiza kompyuta nikiwa dukani kwako, za wateja wako. Hii si ya mteja, hii ni ya mkwe wangu. Sabra anacheka. Andika, acha kucheka.

La pili ni sababu. Jirani yetu Sihaba alikuja kuazima kinu. Akachungulia chumbani akamwona Sabra anaandika, vidole vinakimbia wala havitazami. Akasema, "Lo, mkweo ana akili, na mashine yake inang'aa." Nikamngoja aseme mashaallah. Nikampa kiti, nikampa maji, nikamngoja. Akanywa, akachukua kinu, akaenda zake. Hakusema. Wewe ungekaa? Mtu akikusifia kitu bila kumtaja aliyekiumba, hicho kitu anakiacha uchi. Kwa hiyo nikakifukiza.

Baada ya siku chache ikaanza kuzima. Nikasema, kumbe jicho la Sihaba ni kali kuliko nilivyodhani, nikaongeza ubani. Ikazidi kuzima, nikazidi kufukiza. Nimemaliza ubani wa kisimamo cha maulidi ya Mfungo Sita kwa ajili ya bati lile. Nikawa naona huruma nikimtazama Sabra anavyoshika kichwa, na kumwambia nashindwa, maana angekwambia wewe, na wewe ungenijia juu kama siku ile. Kinu mpaka leo hakijarudi.

La tatu ni lile neno la masika. Ndiyo, nilisema watamhamisha, na mimi nitabaki na nani. Nilisema kwa sababu nilijua atafaulu. Mtu anayekwenda kushindwa humuulizi utabaki na nani. Mwanamke anayefundisha asubuhi, anapika mchana, na katikati yake anaandika kitabu, mtasema huyo ataishi Salale daima? Wamhamishe. Nitakwenda kumtembelea na kuku wangu. Nilimzaa Mahamudu, nikakuzaa wewe, Mungu akaniongeza wa tatu bila uchungu.

Ameacha kuandika hapa. Nimemwambia endelea, machozi yataharibu kompyuta, na mara hii lawama zitakuwa zake.

La nne, ujumbe wako umefika. Kwamba Sadala alikuletea flashi salama, kwamba umeituma kazi, kwamba chuo kimejibu kimeipokea kabla ya siku yake. Ulipopiga simu tulikuwa gatini, na nilimwambia Sabra aongeze sauti. Gati zima limesikia, na safari hii mimi ndiye niliyetaka lisikie. Sadala akasema kumbe gauni lenyewe ndilo hili. Sihaba naye alikuwepo na kapu lake la kamba. Akasema, "Hongera, Bi Chiku, mkweo atakuwa mtu mkubwa." Nikamkazia macho. Akanitazama, nikamtazama. Akasema, "Mashaallah." Nikamwambia ahsante, na kinu alete.

La mwisho ni chetezo. Kompyuta siigusi tena. Sabra ameishonea kitambaa cha bluu cha kuikinga na vumbi ikiwa imezimwa, kitambaa kilichobaki kwenye gauni lako. Gauni liko tayari, Sadala atakuja nalo, na uongo wenu umekuwa kweli.

Lakini ubani bado upo, nimenunua mwingine, na macho ya watu nayo bado yapo. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni namkalisha Sabra kwenye kigoda, namfunika kanga, chetezo chini, namfukiza mwenyewe. Yeye hana feni ya kuziba. Anakohoa kidogo, lakini hajazima hata mara moja.

Mama yako,
Chiku binti Miraji